Picha za Karantina na Daftari Lake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Mombasa, siku ya pili, baada ya sala ya alasiri)



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena sisi tuliotawanyika, wengine tukitoka Muscat na Riyadh, wengine London na Toronto, na wengine tuliovuka kivuko cha Likoni tu asubuhi ya leo. Kamati imenitaka nizungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo ni kuchagua programu ya kompyuta ya kutazamia na kupangia picha za ukoo wetu. Nilipoambiwa, mimi pia niliona ni dogo. Lakini nilipoketi kulitafakari nikaona limebeba swali kubwa. Miaka 30 ijayo, mjukuu wetu atakapoishika picha ya nyumba ya Karantina, atajua ni nyumba ya nani, na waliosimama mlangoni ni akina nani?

Kwa faida ya vijana waliozaliwa mbali, Karantina ni mtaa wa kusini mwa Jeddah, karibu na bandari. Jina lake limetokana na mahali walipokuwa wakizuiwa mahujaji waliofika kwa bahari, wapimwe afya kabla ya kuruhusiwa kwenda Makka. Marehemu babu yetu alifika kwa njia hiyo, akahiji, akapata kazi ya kupakua mizigo bandarini, akabaki. Katika vichochoro vile walikaa watu wa Afrika wa kila upande, na ndani ya nyumba ile ya vyumba vitatu Kiswahili kilisemwa kama kinavyosemwa Kuze na Kibokoni. Baadaye baadhi ya watoto wake walihamia Riyadh, mwendo wa karibu kilomita 950 kwa barabara, na picha nazo zikagawanyika: bati moja la biskuti likaenda Riyadh kwa ami, na jingine likaja hapa Mombasa kwa Bi Mkubwa.

Mwishoni mwa mwaka 2021 na katika mwaka 2022, mitaa mingi ya kusini mwa Jeddah ilivunjwa ili mji upangwe upya, na Karantina ilikuwa miongoni mwake. Nyumba ile haipo tena. Hakuna mlango wa kumwonyesha mtoto, wala kichochoro cha kumpitisha. Kilichobaki ni yale mabati mawili ya biskuti, yenye picha zisizozidi 700.

Ndugu zangu, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nitasimulia jinsi mali hii ilivyopotea nusu yake mikononi mwangu mimi niliyekabidhiwa, kisha niseme tufanye nini isipotee iliyobaki.

Mwaka 2016 niliziskani picha 412 za bati la Mombasa. Nikakaa na marehemu shangazi jioni tisa mfululizo, yeye amevaa miwani, mimi niko mbele ya kompyuta. Alikuwa akinitajia: huyu ni fulani, aliyekuwa akishona kanzu, huyu ni mke wake wa kwanza, mtoto huyu alifariki kwa surua, hapa ni juu ya dari, sikukuu ya Idi, mwaka ule mvua kubwa ilipoingia nyumbani. Nami niliyaandika yote chini ya kila picha katika programu niliyokuwa nikiitumia. Shangazi akafariki mwaka 2018. Mwaka uliofuata kompyuta ile ilianza kuchoka, nikanunua nyingine, nikazinakili picha zote, kisha nikaisafisha ile ya zamani na kuitoa sadaka kwa madrasa. Nilipozifungua picha katika kompyuta mpya, zote 412 zilikuwepo, na hapakuwa na jina hata moja.

Sitaitaja programu ile, kwa sababu haikunidanganya. Iliyaandika majina katika daftari lake yenyewe, faili moja iliyofichika mbali na picha, nami sikuuliza. Nilizichukua picha nikaliacha daftari. Majina mengi tumeyakusanya tena kwa wazee waliosalia, lakini zipo sura 61 ambazo mpaka leo hapana anayezijua. Nimezichapisha, ziko ukutani upande wa nyuma wa ukumbi huu. Nitazirejea kabla sijashuka.

Basi nije kwenye shabaha. Kompyuta tulizonazo katika ukoo huu nyingi ni za umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haikubali mashine nyingi za zamani. Vijana wetu wa Riyadh na wa hapa, badala ya kuzitupa, wameziwekea Linux, ule mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao hauna ada na kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza na kuugawa. Si jambo geni kwetu Waswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilishiriki kutoa programu za ofisi zenye kuzungumza Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Usiache mbachao kwa msala upitao: kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 au 4, ikiwekewa Linux yenye mazingira mepesi kama Xfce, bado inafaa kabisa kutunzia picha.

Lakini mashine nyepesi yataka programu nyepesi. Hapa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ipo programu ya kutazamia, nayo hufungua picha, ikaikuza, ikaizungusha, ikapita kwenye inayofuata, basi. Mfano wake ni Ristretto, inayokwenda pamoja na Xfce, au feh, ambayo ni ndogo mno kiasi kwamba haina hata vifungo vya kubonyeza. Na ipo programu ya kupangia, inayoweza kuandika majina, mahali na tarehe, na kukutafutia baadaye. Kwa kutazama tu, yoyote yafaa. Kwa kupanga, chagua kwa makini, maana hapo ndipo jasho la wazee wetu linapohifadhiwa au kumwagika.

Nimezipima programu nne kwa muda wa miezi kadhaa, kwa maswali matatu. Je, inafunguka upesi katika mashine dhaifu? Je, inazitazama picha pale zilipo katika folda zetu, au inataka kwanza ziingizwe katika ghala lake? Na la tatu, ambalo ndilo kubwa kupita yote: ninapoandika jina, linaandikwa wapi?

Ya kwanza ni digiKam. Hii ni programu kubwa na yenye uwezo mwingi. Inatambua nyuso, inatafuta kwa kila namna, na ukiipangia hivyo huandika majina ndani ya faili za picha. Ila ni nzito. Katika kompyuta ya gigabaiti 2 ilinifanya ninywe kikombe kizima cha kahawa nikiisubiri. Inamfaa ndugu mmoja mwenye mashine imara, awe kama karani mkuu wa picha. Haiwafai wote.

Ya pili ni Shotwell. Ni nzuri kwa macho, ni rahisi, na hupanga picha kwa siku na miaka. Mtu asiyezoea kompyuta huielewa katika nusu saa. Lakini hutaka picha ziingizwe kwanza, na ukiiacha kama ilivyokuja huweka maelezo katika hifadhidata yake. Kuna mahali katika mipangilio pa kuiamuru iyaandike ndani ya faili zenyewe. Anayeitumia apatafute kabla hajaandika jina la kwanza.

Ya tatu ni Geeqie. Hii ni nyepesi sana na hupita katika folda kwa kasi ya ajabu. Ina fadhila moja tunayoihitaji: hutafuta picha zinazofanana, hata kama moja ni kubwa na nyingine ni nakala iliyopunguzwa. Katika folda ya Riyadh ilinionyesha picha moja ya harusi imerudiwa mara 11. Maneno yake ni machache na sura yake ni kavu, na nayo pia yahitaji kuamriwa iandike ndani ya faili.

Ya nne ni gThumb. Si nzito, hutazama folda kama zilivyo, na ina ukurasa wa maelezo wenye nafasi za maneno, mahali, tarehe na vitambulisho, yaani yale yale ambayo shangazi alikuwa akinitajia. Katika mipangilio yake kuna alama ya kuweka maelezo ndani ya faili inapowezekana. Hakikisha alama hiyo ipo. Pia huweza kuigeuza picha ya JPEG iliyolala upande bila kuipunguzia ubora.

Hukumu yangu, Mheshimiwa Mwenyekiti, ni hii: gThumb iwe programu yetu ya kawaida kwa kila nyumba, Geeqie iwekwe kando yake kwa kuondolea marudio na kwa mashine dhaifu kabisa, aliyekwisha izoea Shotwell aendelee nayo, maadamu ameweka alama ile, na digiKam awe nayo karani mkuu peke yake. Ndugu yeyote mwenye hoja ya kupinga namkaribisha, ila tusikae miaka mingine mitano tukichagua. Mchagua jembe si mkulima.

Sasa, huko ndani ya faili ni wapi? Picha ya JPEG si picha tupu. Mwanzoni mwake ina nafasi ya maandishi ambayo jicho haliyaoni. Mpango mmoja wa maandishi hayo, Exif, ulitolewa Japani mwaka 1995 kwa ajili ya kamera. Mwingine, IPTC, ulitokana na haja za magazeti na mashirika ya habari. Na wa tatu, XMP, ulitolewa na Adobe mwaka 2001. Si lazima mzikariri herufi hizi. Yatosha kujua kwamba ni sawa na kuandika nyuma ya picha kwa kalamu. Picha ikienda Toronto, mwandiko huenda nayo. Ama hifadhidata ya programu ni sawa na kuandika katika daftari lililobaki juu ya kabati Mombasa.

Na kwa nini tusiitegemee programu yenyewe? Kwa sababu programu nazo hufa. Picasa ya Google ilipendwa na watu wengi, nasi tukiwemo. Mwaka 2006 ilitolewa ya kutumika katika Linux, mwaka 2012 hiyo ya Linux ikasimamishwa, na mwaka 2016 Picasa yote ikafungwa. F-Spot ilikuja ndani ya Ubuntu kwa miaka, na mwaka 2010 nafasi yake ikachukuliwa na Shotwell. GQview iliachwa, Geeqie ikairithi. Hata hizi ninazozisifu leo zina siku yake. Ukiandika ndani ya picha, kifo cha programu ni msiba wa programu peke yake.

Ipo njia nyepesi ya kuhakikisha, nami naiita jaribio la picha moja. Chukua picha moja, andika jina moja, hifadhi, kisha funga programu. Nakili picha hiyo katika diski ya flashi. Nenda nayo kwenye kompyuta nyingine, uifungue kwa programu nyingine, utazame kama jina lipo. Likiwepo, endelea na 700. Lisipokuwepo, simama hapo hapo. Jaribio hili halichukui dakika kumi. Lau ningelifanya mwaka 2016, ukuta ule wa nyuma ungekuwa mtupu.

Yako mambo matatu mengine ambayo yalinisumbua, nami naona tukubaliane juu yake.

La kwanza ni tarehe. Skana huandika siku ya kuskani, si siku ya kupigwa picha. Kwa hiyo picha za miaka 40 zote zilipangwa na kompyuta katika Jumamosi moja, babu na vitukuu pamoja. Tena nyuma ya picha za Karantina tarehe nyingi ni za Hijria. Picha iliyoandikwa "Rajabu 1398" nilipoiingiza vile vile, ilikwenda ikaketi mbele ya picha ya babu ya mwaka 1952, kana kwamba mtoto amemzaa baba yake. Rajabu 1398 iliangukia Juni 1978 na siku chache za Julai. Basi jina la faili lianze kwa mwaka wa Miladia, kisha mwezi, kisha mahali, kwa mfano 1978-06-Karantina, na tarehe ya Hijria iandikwe katika maelezo kama alivyoiandika mwenyewe. Pakijulikana mwaka wa Hijria bila mwezi, tusikisie. Mwaka 1400, kwa mfano, ulianza Novemba 1979 ukaisha Novemba 1980; tuandike miaka yote miwili. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, na anayehesabu kwa kutoa nambari moja daima atakosea.

La pili ni WhatsApp. Picha ikitumwa humo kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na maandishi yake ya ndani huondolewa. Mtu anaweza kupokea picha yenye jina akaisambaza bila jina, naye asijue. Picha za ukoo zitumwe kama waraka, au kwa diski mkononi. Zile za kikundi tuzihesabu kuwa ni za salamu, si za kumbukumbu.

La tatu ni sitara. Kinachoandikwa ndani ya picha husafiri nayo kila iendako. Tusiandike humo nambari za iqama, pasipoti wala makazi ya mtu. Na zipo picha za harusi za akina mama, zilizopigwa ndani, wakiwa hawajajifunika. Hizo si za kila jicho. Bi Mkubwa ameniagiza niseme, nami nasema kwa idhini yake: picha hizo ziwekwe katika folda ya peke yake, wazitunze wanawake wenyewe, na kila mmoja aulizwe kabla picha yake haijatolewa. Sina la kuongeza hapo.

Sasa kazi. Naiomba kamati iwateue vijana wawili, mmoja Riyadh kwa bati la ami na mmoja hapa, waskani upya kwa utaratibu mmoja, mbele na nyuma ya kila picha, maana mwandiko wa nyuma nao ni urithi. Mwingi ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wanaousoma wanapungua. Nakala ziwe tatu, katika nyumba tatu za nchi tatu. Na kabla ya kuskani, kila kijana akae na mzee mmoja. Programu yoyote haiwezi kuandika jina ambalo hapana aliyelitaja.

Mwisho nirudi ukutani. Jana usiku, nilipokuwa nikizibandika zile picha 61, mama mmoja wa upande wa Lamu, ambaye hajawahi kuhudhuria mikutano yetu, alipita akasimama mbele ya nambari 17. Ni wanawake watatu kwenye mlango wa kijani wa Karantina. Akaweka kidole juu ya wa katikati, akasema, "Huyu ni mamangu, kabla hajarudi." Nikamwomba akae, nikaifungua kompyuta, nikaliandika jina hilo ndani ya picha, kisha nikaichomeka flashi katika kompyuta ya mwanawe tukaifungua kwa programu nyingine. Jina lilikuwepo. Akatazama kioo kitambo bila ya kusema neno, kisha akaniuliza kama aweza kupata nakala.

Zimebaki 60. Chai itaandaliwa upande ule ule wa nyuma, na penseli nimezifunga kwa uzi chini ya kila picha. Wazee wetu, tafadhalini, mkichukua vikombe vyenu msipite haraka.